Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: matairi na matunzo ya Subaru Impreza WRX na STI

Majibu haya ni kwa wenye Impreza za turbo, hasa zile zilizoshushwa Mombasa au Dar es Salaam zikitoka Japani zikiwa zimeshatumika. Ni magari ya mbio yanayouzwa kwa bei ambayo kijana mwenye kazi anaweza kuifikia, na hapo ndipo shida huanzia: bei ya kununua imeshuka, lakini mahitaji ya gari yako palepale. Tumeanza na matairi na kuyapa nafasi kubwa, kwa kuwa kwenye gari hili uzembe wa matairi hauishii kwenye matairi.

Tairi moja tu ndilo limekufa. Kwa nini fundi ananiambia ninunue manne?

Kwa sababu injini ya gari hili inasukuma magurudumu yote manne, muda wote. Kati ya mbele na nyuma kuna difu ya katikati. Kazi yake ni kuruhusu tofauti ndogo ya mizunguko unapokata kona, kisha ukinyoosha usukani ipumzike. Kwenye WRX nyingi za gia za mkono, difu hiyo ina kifaa chenye sahani nyembamba zilizozama kwenye mafuta mazito ya silikoni. Mbele na nyuma zikipishana kasi, mafuta yale yanapata moto na kifaa kinakaza. Kimetengenezwa kikaze kwa muda mfupi, kwenye matope au kona, si kwa safari nzima.

Sasa fanya hesabu. Tairi la 225/45R17 likiwa jipya lina mzingo wa karibu milimita 1,993. Kashata zake, yaani yale maumbo ya mpira yaliyochongwa usoni mwake, huwa na kina cha milimita 8 hivi. Likiliwa mpaka zibaki milimita 3, mzingo unapungua kwa milimita 31. Maana yake ni kwamba tairi hilo lililoisha linazunguka karibu mara 8 zaidi ya jipya kwa kila kilomita. Ukitoka Nairobi mpaka Mombasa, gurudumu moja limezunguka takriban mara 3,800 zaidi ya mwenzake. Difu haina namna ya kujua kwamba hukuwa kwenye kona. Inafanya kazi njia nzima, inapata moto njia nzima, na siku moja inakaza isiachie.

Dalili utaziona sehemu ya kuegesha: ukikata usukani mpaka mwisho na kusogea taratibu, gari linajivuta kana kwamba umeshika breki ya mkono, na wakati mwingine matairi yanaruka kidogo juu ya sakafu. Ukifika hapo, gia boksi inashushwa. Gharama yake inapita kwa mbali bei ya matairi uliyokwepa kununua.

STI nyingi zina difu ya katikati inayoongozwa kwa umeme, na za otomatiki zina klachi ndani ya gia boksi. Namna ya kukaza ni tofauti, sheria ni ileile.

Nitajuaje kama yangu manne yanalingana?

Tafuta utepe wa kupimia wa fundi cherehani. Egesha gari mahali tambarare, jaza matairi yote upepo unaotakiwa, kisha zungusha utepe katikati ya uso wa kila tairi. Gari likiwa chini huwezi kuupitisha pote, kwa hiyo nyanyua gurudumu mojamoja kwa jeki, na weka mawe au vigingi kwenye yanayobaki chini. Andika namba nne. Subaru wanataka tofauti kati ya kubwa na ndogo isizidi robo inchi, yaani milimita 6 na kitu.

Kila milimita 1 ya kina cha kashata ni milimita 6 na kitu za mzingo. Kwa hiyo ukiwa na kipimo cha kina, kile kidogo cha kuchomeka kwenye mfereji wa tairi, unaweza kukitumia badala ya utepe kwa matairi ya aina moja: tofauti ikizidi milimita 1, seti yako imeachana.

Matairi ya kampuni mbili yenye maandishi yaleyale ubavuni, 225/45R17 kwa 225/45R17, yanaweza kutofautiana mzingo hata yakiwa mapya yote. Ndiyo maana tunasema kampuni moja, jina moja la tairi, saizi moja, uchakavu mmoja.

Na kama matatu bado ni mazuri kabisa?

Kama hayajapoteza hata milimita 1, nunua moja la kampuni na jina lilelile, ulifunge, uendelee. Kama yameshaliwa zaidi ya hapo, tafuta lililotumika la aina hiyohiyo lenye kina kinachokaribiana. Kirinyaga Road jijini Nairobi na Gerezani kule Dar es Salaam mtu mwenye subira hulipata. Nenda na kipimo chako mfukoni, usipime kwa macho.

Kununua mawili na kuyafunga mbele au nyuma hakuondoi tatizo. Difu za mbele na nyuma zitatulia, lakini ya katikati ndiyo itabeba tofauti yote.

Ukibadilisha seti nzima, usiuze yote manne ya zamani ambayo bado yana uhai. Moja zuri kati ya hayo likibaki nyumbani, kwenye kivuli, litakuokoa seti mpya ikishafikia uchakavu wake.

Nijaze upepo kiasi gani?

Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo yake. Kuna kibandiko chenye saizi ya tairi na upepo wa mbele na wa nyuma. Kwa gari la Japani maandishi ni ya Kijapani lakini namba zinasomeka: ama kwa kPa ama kwa kilo. 220 kPa ni psi 32, 230 ni psi 33, 240 ni psi 35. Kilo 2.3 nayo ni kama psi 33. Mara nyingi mbele huzidi nyuma kidogo kwa sababu injini iko mbele.

Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi pamoja na neno MAX si maelekezo. Ni kikomo cha tairi lenyewe, na mafundi wengi wa pembeni mwa barabara hujaza kwa kufuata hiyo au kwa mazoea ya kujaza pikapi za mizigo. Tairi pana lenye upepo uliozidi linakanyaga kwa katikati tu, na kwenye mvua gari linakuwa jepesi usipotaka liwe jepesi.

Pima asubuhi kabla hujaondoka. Ukishaendesha kilomita kadhaa tairi limepata moto na kipimo kimepanda kwa psi 3 au 4. Ukipunguza hapo ili lifanane na kibandiko, kesho yake litakuwa chini ya kiwango. Pima kila wiki mbili na kabla ya safari ndefu. Nunua kipimo chako mwenyewe, kwa maana vya vituo vya mafuta vimeangushwa mara nyingi na havikubaliani.

Nikitoka Pwani kwenda Nairobi, nipunguze upepo?

Hapana. Kupanda kutoka usawa wa bahari mpaka mita 1,700 kunapandisha usomaji wa kipimo kwa karibu psi 2.7, kwa kuwa hewa ya nje imepungua uzito wake. Lakini kule juu ni baridi zaidi, na kila nyuzi joto 5 au 6 zinazopungua zinashusha psi 1. Mawili hayo yanakaribia kufutana. Lala, pima asubuhi, rekebisha kama kuna haja.

Naitrojeni badala ya hewa je?

Hewa ya kawaida ni asilimia 78 naitrojeni tayari. Haina madhara, ila haibadilishi wajibu wako wa kupima. Kama ni ya bure, weka. Kama ni ya kulipia, pesa hiyo inunulie kipimo.

Gari limefika na matairi ya Japani yenye kashata nene kabisa. Si nimepata bahati?

Soma ubavuni kwanza. Ukiona neno STUDLESS, au alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, hayo kwa kawaida ni matairi ya majira ya baridi. Utayajua hata kwa macho: uso wake umejaa mikato midogomidogo kama iliyochanjwa kwa wembe, na ukibonyeza kwa ukucha mpira unabonyea. Yalitengenezwa kushika barafu ya Hokkaido. Kwenye lami ya saa nane mchana pale Mtito Andei au Chalinze mpira huo unalegea, gari linayumba ukikata kona kwa kasi, umbali wa kusimama unaongezeka, na kashata zile nene zinaisha haraka ajabu. Kwa gari la mwendo huu tusingeyaacha hata mwezi mmoja.

Pili, angalia umri. Tafuta herufi DOT, kisha kundi la tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande wa ndani wa tairi, na itakubidi uchungulie chini ya gari na tochi. Tairi likipita miaka 6 likaguliwe kila mwaka. Likifika 10 liondoke, hata kama linaonekana jipya. Jua la kwetu linazeesha mpira kabla ya wakati, na tairi lililokaa dukani kwenye rafu ya nje linazeeka bila kutembea hata kilomita moja. Kwa hiyo hata dukani, tairi linaloitwa jipya, soma DOT kabla hujalipa.

Haya maandishi 225/45R17 91W yanasomwaje?

225 ni upana kwa milimita. 45 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo. 17 ni rimu kwa inchi. 91 ni uzito ambao tairi moja linabeba, kilo 615. W ni mwendo: kilomita 270 kwa saa. V ni 240, H ni 210, T ni 190.

Kuna watu wanafunga T kwenye WRX wakisema kwamba hakuna barabara ya kukimbiza 190 hapa. Herufi ile haihusu mwendo peke yake. Inaeleza pia joto ambalo tairi linaweza kulivumilia, na joto linatokana na mwendo, mzigo, lami na upepo mdogo kwa pamoja. Fuata herufi ya kibandiko au iliyo juu yake.

Rimu za STI zinaingia kwenye WRX yangu?

Inategemea mwaka. WRX za miaka mingi, na STI mpaka toleo la 2004, zina matundu ya 5x100, yaani matano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100. STI kuanzia 2005 ni 5x114.3, na WRX ziliifuata kuanzia toleo la 2015. Ukiambiwa kuna spesa za kugeuza moja iwe nyingine, tunakushauri uachane nazo kwa gari linalosukumwa hivi. Nunua rimu inayoingia yenyewe.

Inchi 18 au 19 zinapendeza. Zina ubaya gani?

Kwa barabara zetu tungekaa 17, na mwenye WRX isiyo na breki kubwa za Brembo tungemshawishi afikirie hata 16. Tairi la 205/55R16 lina ubavu wa milimita 113. La 225/45R17 lina 101. La 245/35R19 lina 86. Mzingo wa hilo la 16 na la 17 unakaribiana sana, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Unachopata ni mpira mwingi zaidi kati ya rimu na shimo. Rimu ya inchi 16 haipiti juu ya kalipa za Brembo za STI, kwa hiyo mwenye STI aanzie 17.

Magari ya mashindano ya Safari Rally, pamoja na Impreza aliyoshinda nayo Colin McRae mwaka 1997, hayakupita kwenye mawe yale kwa tairi jembamba kama utepe. Yalivaa mpira wenye ubavu mrefu. Anayependa gari hili kwa ajili ya historia yake aikumbuke na sehemu hiyo.

Nimeingia kwenye shimo, tairi halikupasuka, lakini ubavuni kuna uvimbe.

Usisafiri nalo. Uvimbe huo ni nyuzi za ndani zilizokatika. Hewa sasa imezuiwa na ngozi ya nje tu. Hakuna kiraka cha ubavu, na fundi atakayekuahidi kulishona usimpe.

Kagua na rimu. Mwambie fundi aizungushe kwenye mashine ya balansi bila tairi ili muone kama inacheza. Rimu ya aloi iliyojikunja kidogo ukingoni hunyooshwa, lakini iliyopata ufa ikachomelewa hatuishauri kwa gari la mbio. Ufa hujificha upande wa ndani; ukiona upepo unapungua polepole na pancha haionekani, mimina maji ya sabuni huko nyuma uangalie mapovu.

Tairi linaliwa upande mmoja. Ni nini?

Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi, kutoka nje kwenda ndani, kisha rudisha. Mkono unasema mengi ambayo jicho halioni.

Ukihisi laini kwenda na makali kurudi, kama meno ya msumeno, magurudumu hayaangalii mbele sawasawa, peleka alaimenti. Likiwa limeliwa ukingo wa ndani peke yake, magurudumu yamelala ndani kwa juu, jambo la kawaida kwa Impreza zilizoshushwa springi bila kupimwa upya. Ukingo huo wa ndani huisha mpaka waya ukatokeza huku upande unaouona ukipita unang'aa, kwa hiyo kata usukani mpaka mwisho na uinamie uangalie. Kingo zote mbili zikiisha, upepo ni mdogo. Katikati ikiisha, umezidi. Ukihisi mabonde na vilima kuzunguka tairi, shokapu zimechoka.

Alaimenti ifanywe kila unapofunga matairi mapya, ukigusa bushi, boljointi au shokapu, na baada ya shimo lolote lililokufanya ushtuke. Idai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Fundi asiyekuwa nayo amekisia.

Nibadilishane mbele na nyuma kila baada ya kilomita ngapi?

Kila 8,000 hadi 10,000. Mbele huisha mapema kwa sababu ndiko kwenye uzito na usukani. Tairi lenye mshale ubavuni libaki upande wake, lihame mbele na nyuma tu.

Lini tairi limeisha?

Ndani ya mifereji kuna vinundu vya mpira. Kashata zikilingana navyo zimebaki milimita 1.6, na hapo umeshachelewa. Kwa gari hili tungebadilisha kwenye 3, kabla ya masika. Tairi pana lina maji mengi ya kusukuma pembeni, na mifereji mifupi haiyamudu. Usukani unakuwa mwepesi ghafla na gari linaelea. Magurudumu manne kusukuma hakusaidii kitu yakiwa yote yako juu ya maji, na hakujawahi kusaidia kusimama. Watu wengi wameumia kwa kuchanganya hayo mawili: gari linaondoka kwenye utelezi kama halina habari, dereva anaamini linashika, kisha breki inamwambia ukweli.

Pancha izibwe vipi?

Kamba ya kuchomeka kwa nje ni ya kukufikisha mjini. Kwa kudumu, tairi livuliwe, ndani lisuguliwe na liwekwe kiraka chenye mkia, kile kinachoitwa uyoga. Tundu liwe kwenye uso wa tairi, mbali na mabega, na lisizidi milimita 6. Kama uliendesha likiwa halina upepo hata kwa umbali mfupi, mwombe fundi akuoneshe ndani: ukiona unga mweusi wa mpira na mduara uliochubuka ubavuni, tairi hilo limekwisha, pancha iwe ndogo namna gani.

Ile spea nyembamba naweza kutumia siku ngapi?

Hesabu kilomita, si siku. Ni ya kufika kwa fundi wa karibu, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, na inataka psi 60. Spea nyingi tunazoziona zina 20 kwa sababu hakuna aliyezikumbuka tangu Japani. Mzingo wake hauko sawa na wa matairi yako, kwa hiyo yale ya difu yanahusika hapa kwa nguvu zote. Kitabu cha gari kinaeleza ifungwe mbele au nyuma. Kifuate, hata kama itabidi uhamishe tairi zima kutoka upande mwingine.

Baadhi ya Subaru za zamani za otomatiki zina nafasi ya fyuzi iliyoandikwa FWD chini ya boneti. Ukichomeka fyuzi hapo, nyuma panaachiwa na gari linavutwa kwa mbele peke yake mpaka utakapotoa spea. Kama nafasi hiyo haipo, au gari ni la gia za mkono, nenda taratibu na usiende mbali.

Nati za tairi zikazwe kiasi gani?

Kati ya Nm 80 na 120 kulingana na toleo. Kitabu kitakupa namba kamili. Kwa spana yenye kipimo, kwa mpangilio wa nyota, gari likiwa limegusa chini. Bunduki ya upepo ya gereji ikikaza yenyewe mpaka mwisho inavuta stadi na kupindisha diski, kisha utalalamika kwamba usukani unatetemeka ukishika breki. Rudia kukaza baada ya kilomita 100.

Tukitoka kwenye matairi: oili ibadilishwe lini?

Kwa injini ya EJ yenye turbo, ile iliyo kwenye WRX na STI za miaka mingi, kila kilomita 5,000, oili ya sintetiki ya gredi iliyotajwa kitabuni, mara nyingi 5W-30, na wengi wa nchi za joto huenda 5W-40. Lakini kubadilisha ni nusu ya kazi. Injini hii inakunywa oili. Sampu yake, lile bakuli la oili chini ya injini, inachukua lita 4 na kidogo, na ikipungua lita 1 huku unakata kona ndefu kwa kasi, oili inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, na bearing za konrodi zinasagika. Injini nyingi za WRX zilizokufa "ghafla" zilikufa hivyo.

Pima oili kila unapojaza petroli. Zima, subiri dakika kadhaa, mahali tambarare. Chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena, na usome pande zote mbili. Ile iliyo chini ndiyo ya kweli, nyingine imepakwa na ukuta wa bomba. Beba lita 1 ya akiba kwenye buti.

Kuna hatari fulani ya kumwaga oili isiyo yenyewe. Ni kweli?

Kweli, hasa kwa otomatiki. Chini ya gari kuna bolti za kumwagia zaidi ya moja, na ile ya gia boksi au ya difu ya mbele inafanana na ya injini kwa fundi asiyezoea Subaru. Anamwaga oili ya difu, kisha anaongeza lita 4 kwenye injini ambayo bado imejaa. Gari linaondoka na difu kavu. Simama naye wakati anafungua. Oili ya injini ni nyeusi na nyepesi. Ya difu ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti ambayo hutaisahau.

Kwenye gia za mkono, difu ya mbele inashiriki oili na gia boksi, 75W-90. Ya nyuma ina yake, kama lita 0.8 hadi 1. Zibadilishwe zote kila kilomita 40,000 hivi, na mapema zaidi kama unaendesha kwa nguvu.

Mkanda wa taimingi?

Kwa injini za EJ, kilomita 100,000, pamoja na tenshona, puli zake na pampu ya maji. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni. Wajapani wakiubadilisha hubandika karatasi yenye tarehe na kilomita chini ya boneti. Usipoiona, chukulia haujabadilishwa, iwe odomita inasema nini. Injini ya FA20 ya WRX za 2015 hadi 2021 inatumia cheni.

Breki zinalegea nikishuka milima mirefu.

Kitonga au Mai Mahiu, shuka na gia ndogo ile ambayo ungepandia, uache injini ikushikilie. Kama pedali inakuwa kama sponji, mafuta ya breki yamenyonya maji. DOT 4, aina ya mafuta ya breki, ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 230; ikishajaa unyevu kiwango hicho hushuka kuelekea 155, na ikichemka unakanyaga mvuke. Badilisha kila miaka 2. Kwa anayeishi Tanga au Malindi, kwenye unyevu wa bahari, tusingesubiri hata mwezi mmoja zaidi.

Nisubiri kabla ya kuzima turbo?

Baada ya mwendo mkali, ndiyo, dakika moja ya kuunguruma pole, au endesha kilomita ya mwisho taratibu. Baada ya foleni ya mjini hakuna haja.

Kuhusu petroli, injini za soko la Japani ziliandaliwa kwa ile ya daraja la juu yenye oktani inayokaribia 100. Weka ya oktani ya juu kuliko zote unayoipata, na ukisikia injini inagonga ukikanyaga kwenye mlima, achia mguu.

Gari linakaa wiki nyingi bila kutembea.

Matairi yatapata ubapa sehemu iliyokaa chini, na utausikia kama mtetemo kwenye kilomita za mwanzo. Ongeza psi 3 au 4 kabla ya kuliacha, liegeshe kivulini, lisogeze kila wiki. Kumbuka kupunguza upepo siku ya kuondoka.

Likizimika njiani, livutwe vipi?

Juu ya lori la kubebea, magurudumu yote manne yakiwa hayagusi barabara. Ile gari ya kuvuta inayonyanyua mbele na kuacha nyuma itembee chini inazungusha difu ya katikati kwa upande mmoja mpaka iungue, hata kama umeweka gia huru. Mwambie hivyo dereva wa gari la kuvuta kwenye simu kabla hajaondoka kwake, na akifika na ndoano peke yake, mrudishe.